Nani Anavaa Kobe Saa Nane?

12 Januari

Mjomba,

Shikamoo. Huku hatujambo. Mama goti limemlegezea wiki hii, akapanda ngazi zote za kwangu bila kupumzika, kisha akajisifu mpaka giza likaingia. Kumbe kujisifu kwenu ni kwa ukoo, si kwako peke yako. Mgongo wa mkaza mjomba unasemaje? Na binamu, bado anashikilia kwamba tumbo lile ni la mtoto mmoja?

Sasa hilo sanduku. Usilifungue kwa nyundo, lina kifungo pembeni. Ndani kuna miwani mikubwa, kama ile ya kuogelea lakini mizito zaidi. Ukiivaa unaiona karakana yako ileile, meza ileile, na humohumo unaona vitu visivyokuwepo: kochi, taa, picha ukutani. Unavizunguka, unavitazama kwa nyuma, vinakaa palepale. Kazini tunauita uhalisia mseto, yaani kilichopo na kisichokuwepo vimechanganywa. Yako nimeijaza makochi mia mbili ya kila namna, ili mteja alione kochi lake chumbani kabla hujagusa kitambaa. Kuna na kalamu ya kuchora hewani. Hiyo tuliwawekea watoto, usihangaike nayo.

Utauliza kwa nini nakuandikia karatasi na simu ipo. Kifaa hiki hakijaingia madukani, na kampuni imetukataza kukizungumzia kwenye simu, barua pepe na mitandao. Karatasi wameisahau. Nadhani hawakumbuki kama bado ipo. Kila mmoja wetu amepewa kimoja ampelekee ndugu asiyefanya kazi ya kompyuta, na mimi nimekuchagua wewe.

Nikwambie ukweli, Mjomba. Nina miaka sita kwenye kazi hii. Wakubwa wanataka kujua kama mtu wa kawaida ataitumia miwani hii siku zote, au ataivaa mara moja, aseme "lo!", airudishe sandukuni. Mwezi wa tisa wanaamua. Wakiona haina watu, kitengo chetu kinafungwa, na mimi narudi kwa mama kusikiliza habari za goti. Ni mimi niliyesimama kikaoni nikasema watu watakuwepo. Kwa hiyo nijibu mambo matatu tu: nani alivaa, kwa muda gani, na nani alirudi mwenyewe kuomba tena. Hilo la tatu ndilo kubwa.

Na tafadhali, usitie chumvi.

Mpwa wako

&nbsp;

9 Februari

Mpwa wangu, mhandisi wa wahandisi,

Marahaba, mara mia na moja. Sisi huku ni chuma. Mgongo wa mkaza mjomba wako unauma asubuhi, ikifika mchana umesahau ulikuwa unauma wapi. Binamu yako ameambiwa na daktari kwamba wako wawili. Mimi nilijua zamani. Alipita mlangoni tu nikasema wawili, hata mashine yao haijawashwa. Jicho langu si unalijua.

Umesema nisitie chumvi. Mpwa wangu, chumvi niitoe wapi, na mambo yenyewe yamekolea hivi?

Siku niliyofungua sanduku mtaa ulisimama. Nimempa jina, anaitwa Kobe, kwa sababu anakaa usoni kama gamba na hana haraka ya kuwaka. Mpaka leo wameshavaa watu thelathini na wanane. Thelathini na tisa ukimhesabu askari wa barabarani, aliyeacha magari yajiongoze yenyewe akaja kupanga foleni. Yule karani wa benki mwenye tai alikuja kuagiza kochi la watu watatu. Nikamvalisha Kobe, nikamwekea moja la rangi ya damu ya mzee. Akalizunguka, akalichungulia mgongoni, akasema, "Fundi, hapa hapa ndipo nilipokuwa napatafuta." Akakaa. Na kochi halipo! Akaenda chini mzima mzima, tai ikabaki juu inamngoja. Unadhani alikasirika? Alilala palepale akaniambia, "Fundi, hata sakafu yako ina springi."

Muda gani? Saa nzima nzima. Wengine nawavua kwa nguvu kama buti lenye maji. Kurudi kuomba tena? Wanarudi mpaka nimeweka benchi la kungojea.

Mimi niliishia darasa la tano na nusu, hiyo nusu ni upepo ulioezua paa la shule, lakini biashara naijua. Waambie wakubwa wako watengeneze Kobe milioni. Wakikosa pa kuwaweka, karakana yangu ina dari.

Mjomba wako, Jicho Halikosei

Tena: mkaza mjomba wako anasoma begani mwangu. Anasema nikuandikie ugawanye kwa ishirini. Sijui ni hesabu gani hiyo.

&nbsp;

2 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Mapacha! Mama ameanza kufuma kofia mbili, moja kubwa kuliko nyingine, anasema mmoja lazima awe na kichwa chako. Barua yako ameisoma mara tatu kwa kucheka. Anauliza huyo askari wa barabarani ametokea wapi, na mtaani kwenu hata barabara ya kuongoza haipo.

Kuna jambo sikukuambia, na kosa ni langu. Kobe anahesabu. Haoni wala hasikii unachofanya, hilo tulilikataa tangu mwanzo. Anaandika tu amevaliwa saa ngapi na kwa muda gani, na kila wiki tunaletewa. Tangu afike kwako amevaliwa mara mbili. Dakika saba, halafu dakika nne. Jumla kumi na moja.

Nilikuwa nimeshaandika "watu thelathini na wanane" kwenye taarifa ya mwezi. Niliifuta kabla bosi hajaisoma.

Sikulaumu. Niambie tu kwa nini hawakuvaa. Hilo nalo ni jibu, tena huenda ndilo jibu lenyewe.

Mpwa wako

&nbsp;

6 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Wamefika! Wa kike wote wawili. Mmoja analia, mwenzake anamsikiliza, kisha wanapokezana kama walinzi wa zamu. Binamu yako mzima ila usingizi ameusahau jina lake. Mkaza mjomba wako anaondoka mwisho wa mwezi kwenda kumsaidia, atakaa miezi mitano. Miezi mitano, mpwa wangu. Kwa ajili ya watu wawili wenye uzito wa paka.

Sasa wewe. Mtu wa heshima hatumiwi miwani yenye mpelelezi ndani. Nilikasirika siku mbili. Ya tatu nikacheka. Ya nne nikakaa kukuandikia, na hii haina chumvi hata punje.

Dakika saba ni zangu. Aliyekaa kwenye kochi lisilokuwepo ni mimi. Karani alikuwa amesimama mlangoni, ameona yote, na mpaka leo hajarudi.

Dakika nne ni za msusi wa hapa jirani. Alivaa kwa kuniheshimu. Akaona kochi la buluu, akasema zuri, akavua, na kitu cha kwanza alichouliza si bei ya kochi. Aliuliza, "Kioo kiko wapi?" Kisha akanipa maneno. "Fundi, kichwa hiki nimekikalia saa tano kusukwa, leo wewe unanivika sufuria!" Mbele ya wateja wake. Tangu siku hiyo wanawake wakipita hapa wanashika vichwa.

Wengine nimewaomba. Nimebembeleza. Nikakaa kujiuliza, hivi hawa wanaogopa nini? Kwa sababu simu zilipoingia hakuna aliyebembelezwa. Nimepata haya. Kobe ni mzito, nilipomvua shingo ilikuwa imeshuka kidogo, nikaipandisha kwa mikono. Umeme wake ni wa saa mbili tu, ukiisha analala mpaka umlishe tena. Lakini hayo watu wangevumilia, viatu vinabana na tunavaa. Tatizo ni uso. Televisheni tunaangalia sita, tunagombana nani alicheza vibaya, anayepita anachungulia dirishani. Kobe unavaa peke yako. Utagombana na nani? Mtu kaingia kwako, kakuta umejifunika macho unachekea ukuta, atakusalimia au atakuitia ndugu zako?

Halafu nikaona kitu kingine. Ng'ambo yangu yuko mchomeleaji wa mageti. Anashinda na kinyago cheusi usoni, kizito kuliko Kobe, na kibaya zaidi. Hakuna anayemcheka. Hakuna anayemuuliza kioo. Wanamsubiri avue, wanamsalimia. Nimelitazama jambo hilo wiki nzima, sijalimaliza.

Mjomba wako, Jicho Halikosei

&nbsp;

20 Juni

Mjomba,

Shikamoo, na unisamehe kuchelewa. Mama ameshafika mara moja kuwaona mapacha. Anasema mkaza mjomba amekonda lakini anacheka sana, na mgongo umetulia.

Barua yako niliipeleka kazini nikawasomea wenzangu. Ya msusi na ya mchomeleaji tu. Ya kochi nilikuhifadhia. Walicheka, halafu mtu mmoja akasema, "Hebu rudia hilo la kinyago," nikalisoma tena.

Lakini sikuchelewa kwa sababu hiyo. Nilikuwa natazama namba, nataka niwe na hakika.

Siku tatu za mwisho wa Aprili Kobe wako alivaliwa kwa saa nyingi: tatu, nne, nne. Nikadhani umempa mtu achezee. Kisha tangu tarehe pili Mei anavaliwa kila siku ya kazi, saa nane mchana, dakika arobaini. Hakosi. Siku ya mvua yupo. Siku binamu alipolazwa hospitali kwa homa, yupo. Kobe sitini tuliwasambaza, Mjomba, na karibu wote sasa wamelala masandukuni. Hakuna mwingine anayevaliwa hivi, popote.

Bosi anasema ni hitilafu ya mashine. Mimi sisemi hivyo. Nalala nikijiuliza, naamka nikijiuliza. Wewe ambaye huwezi kuona paka akipita bila kuniandikia kurasa mbili, hujaniambia neno. Nani anavaa Kobe saa nane? Na anafanya nini?

Mpwa wako

&nbsp;

3 Julai

Mpwa wangu,

Marahaba. Huku joto. Mapacha wana meno, au wanakaribia. Paka wa msusi amezaa ndani ya kochi la mteja, nimelazimika kumpa mteja lingine aazime. Panya ni wengi mwaka huu, nimepigilia miguu ya meza sakafuni kwa misumari ya inchi nne.

Hizo namba zenu huenda ni joto. Vyuma vikipata joto vinaota ndoto.

Msalimie dada yangu.

Mjomba wako, Jicho Halikosei

&nbsp;

15 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Mama hajambo, anakusalimia na anauliza tangu lini panya wakahamisha meza.

Kikao ni tarehe pili Septemba. Bila mtu na kazi anayoifanya, mstari wa Kobe wako kwenye taarifa unafutwa kama hitilafu, na sina kingine cha kusimama nacho. Sitaki kukushika koo. Kama ni siri ya mtu, muulize mwenyewe kama niijue. Kama ni yako, basi sijui nikuombeje.

Udadisi peke yake ningeuvumilia. Nina kawaida ya kuuvumilia, zaidi ya unavyodhani.

Mpwa wako

&nbsp;

11 Agosti

Mpwa wangu,

Marahaba, mwanangu. Nyumbani ni salama, ila kimya. Nakula kwa kusimama. Binamu yako anasema mapacha wameanza kumtambua bibi yao, wakiona mtu mwingine wananuna.

Barua hii nimeiandika mara nne. Tatu za kwanza zilikuwa nzuri zaidi, ndiyo maana nimezichana.

Anayevaa ni mimi. Saa nane, wateja wakienda kula, nafunga mlango, nashusha pazia, navaa.

Unakijua kibao changu. Jicho Halikosei, miaka ishirini na sita. Jicho ni kweli halikosei. Ila si langu.

Kazi ya makochi ni kukata. Kujaza sponji na kufunga springi, hata punda mwenye subira ataweza. Kukata ndiko kuna wenyewe. Mkaza mjomba wako hulitazama kochi mara moja, akachukua chaki, akachora, na maua ya kitambaa yakakutana kwenye mshono kama yameoteshwa hapo. Nikichora mimi maua yanapishana kama majirani waliokosana. Tulipoanza, wateja hawakutaka kusikia mwanamke ndiye anayekata. Wakiona ni yeye mwenye mkasi wanabeba kitambaa chao wanaondoka. Akasema, "Weka kibao chako wewe. Mimi nipe chaki na mlango wa nyuma." Mwaka wa kwanza ulikuwa ujanja. Mwaka wa tano yalikuwa mazoea. Mwaka wa kumi nilikuwa nimeshajiamini mwenyewe.

Alipotangaza anakwenda kwa mapacha niliingiwa na baridi. Nikamwambia aniachie vitambaa vya kutosha vilivyokwisha kuchorwa. Akasema chaki inafutika, na vitambaa vya wateja wa mwezi wa saba hata havijanunuliwa. Tukakaa. Mara akaliangalia sanduku lako. "Mpwa wako aliandika nini kuhusu kalamu ya watoto?"

Siku tatu alivaa. Nilimletea maji, hakuniona. Alichora juu ya meza tupu, mpwa wangu, hewani, mistari ya kila kipande tunachokata: kiti, mgongo, mkono wa kochi, mto, vya mtu mmoja, vya wawili, vya watatu. Kila kipande rangi yake. Akatia nukta mahali inapotakiwa kukaa katikati ya ua. Kisha akafunga mzigo wake akaenda.

Sasa natandika kitambaa, ukingo kwa ukingo wa meza, navaa Kobe, nachagua rangi, mstari unalala juu ya kitambaa, naufuata kwa mkasi. Ndiyo maana meza nimeipigilia. Siku ya kwanza niliigonga kwa kiuno ikasogea vidole viwili, mstari ukabaki ulipokuwa, nikaharibu mita nne za mahameli. Nililia. Hilo usilisome kazini.

Mistari yake huwezi kukosea kuijua. Ikifika kona haikatiki, inajizungusha kidogo kama mtu anayegeuka kukuangalia kama unamfuata. Dakika arobaini kila siku nafuata mkono wake. Halafu nafungua mlango, wanaingia, wanasema "Fundi, jicho lako!" nami naitikia.

Nimekaa na jambo hili mwezi mzima. Ukiliandika, wateja watajua. Usipoliandika, kazi yako imekwisha. Mwishowe nikampigia yeye. Simuni sikumtaja Kobe, nilisema "yule wa sandukuni," kanuni zenu nimezilinda. Nikamuuliza tufanyeje. Nikasikia watoto nyuma yake. Akasema, "Mimi mlango wa nyuma nilishauchoka zamani. Nilikuwa nangoja uchoke wewe."

Basi andika. Mkataji ni yeye. Mimi andika mshika mkasi.

Na wakubwa wako waambie hivi, kutoka kwa mtu wa darasa la tano. Kobe wasimpeleke sebuleni. Hakuna atakayeoga, akachana nywele, akakaa na watu wake, kisha ajifunike uso. Lakini kila mtaa una mtu mmoja anayejua, na wenzake wanaokula kwa kujua kwake, na siku akisafiri kazi inasimama. Kobe anaweza kumshikia mtu huyo mahali pake. Na kazini hakuna anayemcheka mwenye kinyago. Wako wangapi watu hao, hilo silijui. Nyinyi ndio wa kuhesabu.

Mjomba wako tu

&nbsp;

14 Septemba

Mjomba,

Shikamoo, shikamoo tena. Mama amesoma, hakucheka. Alikunja barua akaiweka kwenye mfuko wa gauni, na nilipoiomba akasema nisubiri.

Nilijua, Mjomba. Nilikuwa na miaka tisa, nashinda kwenu likizo. Vidole vya mkaza mjomba vilikuwa na chaki hata akikanda unga. Vyako, kamwe. Sikuuliza kwa sababu niliona hutaki kuulizwa, na ulikuwa unanifurahisha ulivyo. Kwa hiyo na mimi nimeushika huo mlango wa nyuma, kwa upande wangu.

Kikaoni nilieleza kila kitu, isipokuwa mahameli. Nilipofika kwenye misumari ya inchi nne, wahandisi walicheka. Kisha wakatazamana. Miezi minane wanahangaika kwa nini mistari inahama, wameandika upya programu yote mara mbili. Hakuna aliyefikiria kuizuia meza.

Uamuzi: miwani ya sebuleni imesimamishwa. Kitengo kilikuwa na watu sitini, tumebaki tisa. Wenzangu hamsini na mmoja nimewasaidia kubeba maboksi yao mpaka getini. Mimi ni mmoja wa tisa. Tumepewa mwaka mmoja tutafute watu kama mkaza mjomba: mafundi, washonaji, mtu yeyote ambaye mikono yake inajua kitu ambacho hakijaandikwa popote.

Kama Kobe watafika milioni, sijui. Bosi aliniuliza mbele ya wote, "Ni mitaa mingapi ina mtu huyo?" Nikamjibu sijui. Ni mara ya kwanza nimesema sijui mle ndani, na ni mara ya kwanza ameandika nilichosema.

Mwishoni mwa Oktoba wageni wawili kutoka kwetu watakuja kutazama mistari inavyochorwa. Wamwone anayechora.

Mpwa wako

&nbsp;

30 Oktoba

Mpwa wangu, mmoja wa tisa,

Marahaba. Mkaza mjomba wako amerudi wiki tatu sasa. Mapacha walimlilia, naye aliwalilia, mimi nilisimama pale na mizigo. Mgongo hausemi kitu. Dada yangu mwambie kofia zimewatosha wote, hakuna mwenye kichwa changu, aache maneno.

Siku ya kwanza aliyoingia karakana alivaa Kobe aangalie mistari yake. Akaniuliza, "Mto wa kochi la wawili, umeukata hivi miezi yote?" Nikasema ndiyo, kama ulivyochora. Akasema, "Hapa nilikosea. Una tumbo upande mmoja." Nikamwambia wateja wameusifu, wamesema ni mtindo mpya. Alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akausahihisha.

Wageni wako walikuja juzi. Mchana, mlango wazi, pazia juu. Majirani wote walikuwa na shughuli ghafla hapa nje: huyu anafagia palipofagiliwa, yule anarekebisha baiskeli isiyoharibika. Nilikuwa nimevaa shati la kola. Nilikuwa nimeandaa na maneno machache ya kuwakaribisha, si mengi, kama kurasa sita.

Mkubwa wao akasimama kizingitini, akasalimia, akauliza, "Samahani, fundi mkuu ndiye nani?"

Mtaa mzima ukaninyooshea kidole.

Mpwa wangu, ulimi uliinuka wenyewe kama mbwa aliyesikia jina lake. Nikaushika. Ulikuwa na nguvu, nisikudanganye. Nikasema, "Yuko ndani, anafuta meza. Ngojeni nimwite." Nikaita "Fundi!" kwa sauti ambayo hata mchomeleaji alizima moto wake. Wote wakageuka kunitazama mimi, kwa mazoea.

Akatoka. Akapita kati yao, vumbi la chaki begani, mikono anaifutia kwenye kanga yake, akawapa mkono mmoja mmoja. Wakamuuliza kuhusu zile kona, kwa nini mstari haukatiki. Akawajibu moja kwa moja, bila kutafuta neno, kama mtu ambaye jibu alikuwa nalo mfukoni miaka ishirini na sita na hakuna aliyemuuliza. Wakaingia naye ndani, wameshanisahau. Kulikuwa na upepo. Nikasimama pembeni, nikashika mlango usijifunge.

Mjomba wako